Vikombe vya Sensa

Kwetu watu bado wanaviita vikombe vya sensa, na ukiwasahihisha wanaona unajifanya msomi. Kosa lilianza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alipita nyumba kwa nyumba akisema watu wa chuo wanakuja na vikombe vyenye sensa, kila kaya ijiandae. Sasa sisi sensa tunayoijua ni moja, ile ya kuhesabiwa. Ilikuwa imepita si zamani, tumehesabiwa sisi, mbuzi wetu, mpaka choo tumeulizwa. Tukanung'unika kwamba serikali imeshatusahau, lakini tukafagia viwanja tukangoja.

Akaja dada mmoja wa utafiti, binti wa mjini, mpole, viatu vimejaa udongo mwekundu kabla hajamaliza nyumba za juu. Alikuwa na kishikwambi mkononi kama wale makarani wa sensa, na hapo ubishi ukaisha. Alieleza vizuri, nisimsingizie. Alisema kwenye kitako cha kikombe kuna kidude kinachohisi, ndiyo hiyo sensa kwa Kiingereza chao. Kikombe kikiinuliwa kinajua, kikiwekwa chini kinajua, na kikikaa karibu na kikombe kingine cha mradi kinajua ni kipi na vimekaa pamoja kwa muda gani. Walitaka kuelewa jinsi majirani wanavyotembeleana, nani anakaa na nani, nani hana wa kukaa naye. Ukienda kwa jirani, nenda na kikombe chako. Akasema pia kwamba hawachukui majina, wanachukua namba tu, ili siri ya mtu ibaki yake.

"Mko wangapi nyumba hii?" akauliza.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake na yangu zinatazamana kwenye uwanja mmoja, alijibu kabla sijafungua mdomo. "Wanne."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nimejifunika blanketi, maana ukungu wa kutoka mlima Oldeani ulikuwa bado haujanyanyuka. Nikahesabu kichwani: yeye, mume wangu, mimi. Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya watalii kule juu Ngorongoro, nyumbani anaonekana wakati wa likizo, lakini naye ni mtu. Dada wa utafiti hakuuliza wa nne ni nani, si ndiyo hawachukui majina. Akatoa vikombe vinne vya plastiki ngumu, vizito chini, kila kimoja na duara la rangi yake, akaaga.

Alipopotelea kwenye mahindi ndipo nikamgeukia mama mkwe. "Mama, wa nne yuko wapi?"

Akanionyesha tumbo langu kwa kidevu. "Sensa ni sensa. Wanataka watu wa nyumba hii, na huyo ni wa nyumba hii. Wakirudi atakuwa anakunywa uji, utampa kwa kiganja?"

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Kikombe chenye duara la njano tukakiweka kando, cha kwake. Changu kilikuwa na duara jekundu.

Wiki zile za kwanza zilikuwa vituko. Ungeona mtu mzima na heshima zake anavuka korongo kikombe mkononi, kama anakwenda kuomba maziwa. Wanaume walivificha ndani ya makoti. Wazee wawili waliokuwa wamenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba walishtakiana kwa mwenyekiti, kila mmoja akidai vikombe vitamwumbua. Jirani yangu wa ng'ambo ya korongo ndiye aliyefurahia kuliko wote. Huyo tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila siku tangu nimeolewa, kwangu au kwake, hata kama hakuna la kusema. Akifika mlangoni anagonga kikombe kwenye mbao na kuniita kwa sauti nzito ya mwenyekiti: "Mama Kijacho, fungua, sensa imefika." Naye alikuwa na mimba changa, nami nikamjibu kwamba kwenye kaya yangu kijacho wake hahesabiwi, akahesabiwe kwao. Tulikuwa wajinga wa furaha. Nayaandika haya ili ijulikane kwamba nilikuwa na mtu.

Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo sana, alilia mara moja, nikamsikia, na asubuhi hakuwepo. Tulimzika nyuma ya zizi, na mume wangu akarudi kazini kwa sababu, ndugu, kazi za kambini hazingojei.

Zamani kwetu mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga alikaa kando. Haingii nyumba za watu, hashiki vyombo vyao, hapiti karibu na mwenye mimba, mpaka wazee waseme yamekwisha. Kwa Kiiraqw, lugha yetu, hali hiyo ina jina lake, nami sitaliandika hapa, limeshanitosha. Ukimwuliza mtu leo, mpaka katekista, atakwambia mambo hayo yaliondoka na mababu, sisi ni Wakristo. Na kweli, hakuna aliyeniambia neno. Wangeniambia ningegombana nao, na kugombana kungekuwa afadhali, maana ni kuongea. Wao walipata haraka tu. Kila mtu aliyepita kwangu alikuwa na ng'ombe aliyemfunga vibaya, au maji jikoni, au mgonjwa nyumbani. Walinisalimia kutoka njiani, "Mmeamkaje huko?", na nikitoka nijibu naukuta mgongo. Kanisani nikikaa, benchi linasogea kidogo kidogo kwa adabu, mpaka najikuta na nafasi ya kulala. Sikujua hasira yangu niipeleke kwa nani.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia maneno mawili tu, siku tuliyotoka kuzika. "Kaa ndani." Alinipikia, hilo sitamnyima. Lakini sahani aliiweka kizingitini, anagonga, anarudi kwake. Zile hatua chache za uwanja tuliokuwa tunauvuka bila viatu zikawa safari asiyoiweza. Nilikuwa namwona dirishani kwake ananiangalia, nikimwangalia anavuta pazia.

Nilichotaka kilikuwa kitu kidogo mno hata naona aibu kukisema. Nilitaka mtu mmoja aingie ndani, akae, anywe chai yangu. Sikutaka pole wala maombi. Nilitaka akae tu kwenye kigoda, achukue kikombe kutoka mkononi mwangu, anywe. Nilikitamani hicho kama mwenye homa anavyotamani maji.

Nikasema sitangoja. Nikachukua kikombe changu, nikavuka korongo kwenda kwa jirani yangu. Aliniona tangu mbali. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshatoka, mlango ameufunga nyuma yake, mkono uko tumboni. Tulisimama uwanjani. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwuliza za kwake, tukaongea habari za mbaazi, ndugu yangu, mbaazi! Hakunipa kigoda. Hakunipa maji. Mtu akitoka kwako bila hata maji, umemfukuza, na hilo sisi wote wawili tulilelewa tukilijua.

"Hunikaribishi?" nikamwuliza.

Macho yakamjaa. "Ngoja kwanza nijifungue, wifi yangu. Nitakuja mwenyewe. Nakuomba usinichukie."

"Unaniogopa mimi?"

"Sikuogopi wewe," akasema, na mkono ukabana tumbo zaidi.

Nilimwambia maneno mabaya, sitayarudia. Nilirudi nalia kwa sauti kama mtoto, na wanawake waliokuwa wanapalilia wakainama zaidi kwenye majembe yao.

Baada ya hapo nilianza kuharibika. Nasema wazi kwa sababu wanawake wengine yanawakuta na wanadhani ni wao peke yao. Nilikuwa nachemsha chai ya watu wawili, kwa mazoea, na nikimimina ya kwangu inabaki ya mtu mwingine. Kumwaga nilishindwa. Siku moja nikateremsha kile kikombe cha duara la njano, nikamimina, nikakiweka mbele ya kigoda kitupu. Mvuke ulipanda. Nikanywa yangu polepole mpaka ile nyingine ikapoa, ndipo nikaimwaga nje kwenye majani. Siku iliyofuata nikafanya hivyo tena. Nikawa namsimulia: kuku amelala wapi, baba yako amepiga simu mtandao ukakatika, bibi yako leo kaunguza maharage. Nikienda shambani nilivifunga vikombe vyote viwili kwenye kitenge, navyo vikagongana mgongoni njia nzima. Nilijua kabisa ni wazimu. Lakini nikiviacha nyumbani nilirudi mbio kuvichukua, na kuna mchana mmoja nilikaa ukingoni mwa korongo nikawaza vibaya, na kilichoniinua pale ni kwamba kikombe kilikuwa mgongoni na kingebaki porini.

Mume wangu alipokuja likizo alivikuta mezani. Akakaa kwenye kile kigoda, akatazama ile chai iliyopoa, akaelewa. "Tukifunge sandukuni," akasema. Nikamwambia akikigusa nitaondoka na sitarudi. Hakukigusa. Alikula, akaenda kulala, na likizo ilipoisha aliondoka mapema kuliko kawaida. Naye alikuwa na kilio chake, ila alikuwa na kambi nzima ya watu wa kuwalisha.

Dada wa utafiti alikuwa anapita mara kwa mara, lakini hakuwa na haja ya kuingia kwa mtu. Alisimama njiani na kishikwambi chake, vidude vikamtumia habari vilizokusanya, akapunga mkono, akasogea nyumba ya pili. Nilikuwa nampungia nami. Mara mbili nilitaka kumwita. Niliogopa naye angepata haraka.

Mwishowe tukaitwa shuleni kupewa mrejesho. Darasa lilijaa. Walitundika shuka jeupe ukutani, wakawasha mashine, na mkubwa wa yule dada wa utafiti, mzungu mmoja mzee mwenye kikohozi, akakaa nyuma akitabasamu. Mimi nilikaa karibu na mlango, na benchi likafanya kawaida yake. Jirani yangu alikuwa mbele, tumbo limeshakuwa kubwa. Mama mkwe alikaa na wazee.

Kwenye shuka kukatokea vidoti vingi na mistari inayoviunganisha. Kila kidoti ni kikombe, dada akaeleza, na mstari ni watu waliokaa pamoja vikombe vikiinuliwa; kisichoinuliwa hakihesabiwi. Mstari mwembamba wamekaa kidogo, mnene wamekaa sana. Hakuna majina. Watu walicheka kwa sababu majina hayakuhitajika. Vidoti vilikaa kama nyumba zetu zilivyokaa, na wale wazee wa mpaka wa shamba walionekana wamekaa pamoja muda mrefu kuliko walivyokuwa wanakiri. Kicheko kikawa kikubwa.

Kisha akasogeza picha mpaka pembeni, upande wa korongo.

"Nataka niwaonyeshe kitu kilichotugusa sana," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Angalieni hawa wawili. Huu ndio mstari mnene kuliko yote kitongojini. Wanakunywa chai pamoja asubuhi, mchana na jioni. Mpaka shambani wanakwenda pamoja. Hawaachani. Ajabu ni kwamba miezi hii ya mwisho hawana mstari wowote kwenda kwa mtu mwingine, ni wao wawili tu, lakini wanapendana kweli. Nadhani tuna la kujifunza kwao."

Nyumba ya upande ule ni yetu peke yake. Mtu mmoja akajikohoza, na jirani yangu akainamisha kichwa mpaka kilemba kikamfunika uso. Dada yule alidhani hawajaelewa. Akasema kama wenyewe wapo na hawaoni vibaya, wanyooshe mkono wapigiwe makofi.

Sijui nilikuwa nawaza nini. Pengine nilikuwa nimechoka kufichwa na kujificha. Nilinyoosha mkono.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Na mwenzako? Hakuja leo?"

"Mwenzangu tumemzika nyuma ya zizi," nikasema. "Hakufikia kupewa jina. Kikombe chake ninacho."

Alinitazama. Alitazama shuka, kisha akanitazama tena, na mdomo wake ukabaki wazi. Mzungu nyuma akauliza kuna nini, na hakuna aliyemtafsiria. Mimi nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi, na maneno yakawa yanatoka yenyewe. Nikawaambia, mnaona sasa. Mnasema mambo hayo yaliisha. Haya, mstari wa kuja kwangu uko wapi? Nani wenu aje aweke kidole pale aseme huu ni mimi, nilikwenda kwake, nilikaa? Hakuna aliyeinuka. Nikamwangalia mama mkwe, naye alikuwa anaangalia mikono yake. Nikatoka. Nilitembea mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma, na nilipofika nilikaa chini sakafuni, sikuchemsha chai.

Kesho yake dada wa utafiti alikuja peke yake kukusanya vikombe, maana mradi ulikuwa umekwisha. Alisimama uwanjani na boksi lake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Dada, naomba unisamehe. Sikujua. Tulipaswa kuuliza ni nani na nani, hatukuuliza. Nimeshaongea na mkubwa wangu, ile habari tutaifuta kwenye matokeo. Haikuwa sahihi."

"Ilikuwa sahihi," nikamwambia.

"Lakini hapakuwa na mtu wa pili."

"Ndiyo nakwambia ilikuwa sahihi. Mkiifuta hiyo, mtakuwa mmefuta nini kingine? Mtabaki na wale wanaocheka."

Aliangalia boksi lake, maskini, na mimi sikuwa na huruma ya kumpa. Nikamletea kikombe cha mume wangu na changu. Akaviweka kwenye boksi. Akangoja. Cha njano nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili kifuani, na vidole vilikataa kufunguka. Niliviambia viachie, havikuachia. Akasema taratibu, "Hata hicho, dada, wameniagiza nivirudishe vyote," na mimi nikaanza kulia kilio kisichokuwa na sauti, pumzi tu.

Hapo ndipo mama mkwe akatoka kwake na kikombe chake mkononi. Alivuka uwanja. Akakitia kikombe chake boksini, akanitazama mikono, na nilidhani anapita kwenda zizini. Akavua kandambili zake kizingitini pale pale alipokuwa anaacha sahani, akaingia ndani kwangu. Nilisikia kigoda kikisogezwa.

"Kuna chai?" akauliza kutoka ndani.

Nilisimama kama sikusikia. Dada wa utafiti naye alisimama.

"Nimeuliza kama kuna chai. Na huyo mgeni anafanya nini huko nje kama karani, aingie."

Ilikuwepo, ile ya asubuhi, moto wake ulikuwa bado. Nikaingia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kile kigoda kitupu, magoti yamebanana, kanga ameivuta mpaka kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike niliona uso wake kwa karibu. Alikuwa amezeeka. Akanyoosha mkono.

"Nipe hicho."

"Mama, hiki ni cha..."

"Najua ni cha nani. Si mimi niliyemhesabu?" Mkono ulikuwa bado umenyooshwa. "Nilisema wanne mbele ya mgeni. Mtoto alipoondoka nikakuacha wewe peke yako umshike. Nipe, mwanangu."

Nikampa. Vidole vilifunguka. Akakigeuza akalitazama lile duara la njano, akanirudishia nimimine, na nilimimina vibaya mpaka ikamwagika kidogo kwenye kanga yake. Dada wa utafiti alitoa kikombe changu chekundu boksini bila kuambiwa, akakiweka mezani mbele yangu. "Nitavichukua siku nyingine," akasema, na akakaa chini kwenye mkeka.

Mama mkwe akanywa. Alikunywa kama watu wanavyokunywa, akipuliza kwanza, akivuta kwa sauti. Kile chombo hakikuwahi kuguswa na mdomo wa mtu.

Akakishusha mezani kando ya changu, akafuta midomo.

"Haina sukari," akasema.

Kweli haikuwa nayo. Sikuwa nimeweka sukari siku nyingi na wala sikuwa nimeona tofauti. Niliinuka nikatafuta kopo nyuma ya unga. Sukari ilikuwa imeganda ikawa jiwe, nikakaa chini pale pale nikaanza kuigonga kwa mpini wa kijiko, naye akangoja.